Nyamizi wa Kwenye Uzio

Minyaa ikikatwa hutoa harufu ambayo sijawahi kuipatia jina. Ni kama maziwa yaliyoanza kuganda yakachanganywa na majani mabichi, na ndani yake kuna ukali unaokufanya ufumbe macho kabla hujajua kwa nini unafumba. Mwanangu Masanja alileta fundi kutoka Bariadi mjini aje kung'oa uzio wa zamani wa minyaa nyuma ya nyumba yangu, ajenge ukuta wa tofali. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nakata viazi vitamu vya kuanika viwe michembe. Upepo ukaniletea ile harufu, na kisu kikasimama chenyewe mkononi.

Kabla sijakirudisha kazini, nikasikia kelele.

"Nyamizi! Mama yangu weee, Nyamizi ameniweza!"

Fundi alikuwa anaruka kama mbuzi aliyekanyaga siafu, anajikuna shingo kwa mikono miwili, panga kalitupa huko.

"Fundi, si nilikwambia umo humo?" Masanja akasema, huku anarudi nyuma.

"Ningeuona ningeugusa? Acha kunicheka, bosi, nakufa!"

Kwa wasiokaa huku kwetu: alikuwa amegusa upupu, ule mmea wa kutambaa wenye maganda ya manyoya ya kahawia, mazuri kama kitambaa cha bei, lakini ukiyagusa utajuta kuzaliwa na ngozi. Wengine wote wanauita upupu. Sisi, kuanzia vijiji vya huku mpaka ng'ambo ya mto, tunauita Nyamizi. Fundi yule amezaliwa mjini, ana simu mbili, na wala hakufikiri alipolitamka. Alilisema kama mtu anavyosema jiwe, au moto.

Nimewahi kusikia watu wakieleza jina hilo lilikotoka. Bwana shamba mmoja kijana alituambia kwenye mkutano kwamba ni neno la wazee wa kale na maana yake ni moto. Tukampigia makofi, maana alikuwa amekuja na soda. Mama mmoja tunayeimba naye kwaya anasema Nyamizi alikuwa mchawi, akafa, na kaburi lake likaota huo mmea. Nimenyamaza miaka mingi. Sasa nimechoka kunyamaza, na magoti yangu yananiambia siku si nyingi. Nyamizi hakuwa moto wala mchawi. Alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Na aliyeupa mmea jina lake ni mimi. Nilikuwa na miaka saba au minane, meno mawili ya mbele yameng'oka, na nililitoa kwa ubaya.

Shangazi Nyamizi alikuwa ameolewa upande wa Bukundi. Siku aliyorudi naikumbuka kwa sababu ya vumbi. Alikuwa mrefu, na vumbi lilimpanda mpaka magotini kama amevaa soksi. Alikuja kwa miguu, jembe begani, kibuyu kimoja mkononi. Hakulia. Alimsalimia baba, akakaa, akanywa maji, akasema, "Nimerudi." Baba akasema, "Karibu nyumbani." Basi, mambo yote yakaishia hapo mbele yetu watoto. Mengine tuliyaokota kwa mama zetu kwenye kinu, neno moja moja, kama kuku anavyookota mtama.

Kwamba kule hakupata mtoto. Kwamba alikuwa na mdomo. "Anawasha yule," jirani yetu alimwambia mama huku wanatwanga. "Mwanaume gani atalala na kitu kinachowasha?"

Mama alisema, "Shh, kuna watoto." Lakini mimi nilikuwa nimeshalimeza hilo neno, lote, na mfupa wake.

Baba alimpa shangazi nyumba ya pembeni na kazi ambayo kwa kawaida ni ya wanaume: kulinda ngitili. Wenzangu mnaijua. Ni lile eneo la majani linalofungwa mvua zinapoanza, asiingie ng'ombe wala mbuzi, mpaka kiangazi kikishakaza kamba, ndipo linafunguliwa ili ng'ombe wa kulimia wapate nguvu ya kuvuta jembe. Bila ngitili, mvua ikinyesha unasimama na plau yako unatazamana na ng'ombe aliyelala chini. Yetu ilizungukwa na minyaa, lakini mchwa walikuwa wameitoboa, ina mapengo kama kinywa changu cha wakati ule. Mbuzi walipita. Watoto tulipita zaidi ya mbuzi, kwa sababu mle ndani kulikuwa na mkwaju mmoja, na ukwaju wake ulikuwa wa dhambi. Mate yananitoka hata sasa.

Shangazi alianza kazi mvua za kwanza. Kila asubuhi alizunguka uzio akiwa na ugoro mdomoni, na kwenye kila pengo aliinama, akachokoa udongo kwa kidole cha mguu, akatema. Fyuu. Hatua kumi, akainama, fyuu. Baadaye nilikuja kujua alikuwa anafukuza mchwa kwa ugoro, na kile kidole cha mguu kilikuwa kinafukia mbegu. Lakini mimi niliona mate tu. Na wiki mbili mbele nikaona mimea inachomoza palepale alipotema, majani matatu matatu, inashika minyaa na kupanda juu. Nikapiga hesabu zangu za kitoto: huyu mwanamke anawasha, mate yake yanawasha, na mate yake yameota.

Sikumwambia mtu. Ilikuwa siri nzito na tamu.

Mvua zikaisha, maua yake ya zambarau yakaning'inia na kuanguka, maganda yakakauka yakawa na yale manyoya. Ukwaju nao ukaiva. Mimi na rafiki yangu Limi, mtoto wa jirani, tukaenda. Limi alikuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia, akapenya. Mimi nilikuwa na tumbo la viazi. Nikapita na maganda matatu shingoni.

Siwezi kuueleza ule moto. Kila aliyewahi kuguswa anajua, na asiyeguswa hata nikiandika daftari zima hatajua. Nilipiga yowe. Limi akakimbia na ukwaju wake mdomoni. Na pale juu ya kichuguu, hatua ishirini tu, shangazi alikuwa amekaa na fimbo yake mapajani, ananitazama.

"Usikune," akasema.

Nikakuna.

"Nimesema usikune. Unausambaza."

"Maji, shangazi! Nipe maji!"

"Maji yataukoleza. Inuka, njoo."

Hakunibeba. Alitangulia, mimi nyuma ninalia, mpaka jikoni kwake. Akachota majivu yaliyopoa, akanisugua kwa kushuka chini tu, hakurudisha mkono juu hata mara moja, kama anayechuna ngozi. Kisha akanipaka samli. Viganja vyake vilikuwa vigumu kuliko ule upupu. Na katikati ya kunisugua akaniuliza:

"Uzio umekuambia nini?"

"Haujasema kitu," nikajibu kwa kwikwi.

"Umesema. Wewe ndiye hujasikia. Kaa hapo usikilize."

Nikakaa. Sikusikia kitu zaidi ya moyo wangu ukimchukia.

Kuanzia siku hiyo niliacha kumpigia magoti. Kwetu msichana akimsalimia shangazi yake anapiga goti, hata njiani kwenye matope. Mimi nilipita wima, "Mwangaluka, shangazi," shingo imekakamaa kama ya mbuni. Yeye alijibu salamu vizuri, akatazama magoti yangu, akaendelea na safari yake. Hakusema neno. Hilo nalo lilinikera.

Msimu wa kuchuma pamba ndio nilipomwaga sumu yangu. Mnajua pamba inavyochosha: jua mgongoni, vikonyo vinachoma vidole, gunia halijai. Watoto tulikuwa tunachuma kwa nyimbo, mmoja anaanzisha, wengine wanapokea. Mimi nilikuwa mwanzishaji. Sijifichi, nilikuwa na sauti, na kichwa changu kilikuwa kinatunga haraka kuliko mikono yangu ilivyochuma. Niliutunga kwa Kisukuma, lakini kwa Kiswahili ulikuwa hivi:

Nani kaning'ata shingo? Nyamizi!
Nani katema mate yakaota? Nyamizi!
Hana mtoto, ana manyoya. Nyamizi!
Mguse utalia,
mwache, atalia mwenyewe.

Wakacheka mpaka pamba zikamwagika. Limi aliangalia ile minyaa ya ngitili, akanyoosha kidole kwenye maganda, akasema, "Nyamizi yuleee!" Ikawa ndiyo hivyo. Mtoto akitaka kumtisha mwenzake: "Nitakupaka Nyamizi." Mchungaji akirudi anajikuna: "Nimekutana na Nyamizi." Wimbo ulifika kisimani, ukaenda na wanawake gulioni, na pamba ilipopelekwa kuuzwa nao ulipanda mkokoteni ukaenda. Kufikia mwisho wa msimu hukusikia mtu mzima akisema upupu. Nilijiona mkubwa. Mtu akilitaja lile jina nilitamani kusema, "Ni langu hilo, mimi ndiye fundi wake."

Wakati huohuo kulikuwa na mzee mmoja mjane wa Malampaka, aliyekuwa anauza chumvi na dagaa, ana kofia ya ukindu na viatu vya ngozi. Alishapita kwetu mara mbili, na mara zote mbili alikaa mbele ya nyumba ya shangazi muda mrefu kuliko anavyokaa mtu aliyeomba maji tu. Mama alikuwa anatabasamu peke yake jikoni. Mara ya tatu alikuja na wenzake wawili, wamevaa vizuri. Sisi tulikuwa shambani kando ya njia. Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri. Nikaanzisha, wenzangu wakapokea.

Yule mzee akasimama. "Nyamizi huyo ni nani, enyi watoto?"

Limi akaelekeza kwa midomo, pale nyumbani. "Ni yule kule. Ukimgusa unawashwa!"

Wenzake wakacheka. Yeye akacheka pia, lakini kicheko kilimkwama njiani. Walifika nyumbani, wakanywa togwa, wakaondoka jua likiwa bado la kuanikia. Hakurudi tena. Tulianza kununua chumvi kwa mtu mwingine.

Mama hakunipiga. Ingekuwa afadhali angenipiga. Alinishika sikio, akanipeleka nyuma ya ghala, akachuchumaa macho yake yakawa sawa na yangu.

"Wewe unaitwa nani?"

"Kabula."

"Kabula alikuwa nani?"

"Mama yake baba."

"Yuko wapi?"

"Amekufa, mayu."

"Amekufa, lakini leo nimemwita mara ngapi? Kabula lete kuni, Kabula acha ujinga. Kila siku anaitwa. Watu wenye watoto wanaitwa hivyo hata wakiwa udongoni, wajukuu wanawabeba. Sasa shangazi yako nani atambeba? Hana mtoto. Alikuwa na kitu kimoja tu, jina lake. Wewe umelichukua ukalifunga kwenye upupu, na mwanaume wa watu amekimbia. Nenda kamwombe msamaha."

Sikwenda. Nilifika mpaka kwenye kichuguu, nikamwona anashona kitambaa, nikarudi. Kesho yake nikafika, nikarudi. Baada ya hapo nikaanza kupita njia ya mbali. Wenzangu mliowahi kuwa na deni la maneno mnajua: kila siku unayochelewa, mdomo unazidi kuwa mzito. Na jina lilikuwa limeshanitoroka. Niliwaambia watoto waache kuimba, wakaimba zaidi. Nikamkanya Limi, akaniambia, "Si ndiwe uliyetutungia?" Niliwahi kwenda peke yangu kwenye uzio, nikauambia ule mmea, "Upupu. Unaitwa upupu." Ulinitazama tu na manyoya yake.

Kisha mvua zikakataa. Wakati wake ulifika, mawingu yakaja yakatuchungulia, yakaenda. Wingu likitokea upande wa ziwa, watu wote wanasimama na majembe. Linapita juu yetu kama tajiri asiyetaka kusalimia. Majani yakaisha. Ng'ombe wakawa mbavu na pembe. Ngitili za majirani zilishaisha zamani, maana zilikuwa na mapengo, mbuzi na watoto na wachungaji wavivu wamezila kidogo kidogo bila mtu kuona.

Yetu ilikuwa imesimama. Majani ya manjano, yanafika kiunoni mwa mtu mzima, hayajaguswa hata pembe. Kila pengo lilikuwa na mlinzi wake mwenye manyoya.

Jioni moja majirani walikuja watatu, wazee wa heshima, wakakaa bila kusema walilolijia. Hakukuwa na haja. Baba aliwasindikiza, akarudi, akamwambia shangazi uani, nami niko nyuma ya ghala nasikia:

"Tusifungue kwa watu. Majani yanatosha ng'ombe wetu sita mpaka mvua."

"Na mvua ikija, mtalima peke yenu?" shangazi akauliza. "Mtavuna peke yenu, halafu majirani wafanye nini? Wakutazame ukila?"

"Nyamizi, ngitili hii ni ya nani?"

"Majani ni yako. Uzio ni wangu."

"Uzio wako tangu lini?"

"Si wanauita jina langu? Muulize mtoto yeyote hapa mpaka gulioni, uzio ule ni wa nani. Watakuimbia."

Pale nyuma ya ghala nilishika mdomo. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitegemea. Alikuwa anacheka, baba yangu, kicheko cha tumboni, cha mtu aliyeshindwa na dada yake kama alivyokuwa akishindwa utotoni.

"Fungua," akasema. "Fungua, mama wa uzio."

Shangazi akafungua. Lakini kwa mdomo wake ule ule. Kila boma jozi moja ya ng'ombe wa plau, na ng'ombe mmoja anayenyonyesha, tena kwa zamu, na mwenye kupeleka wa ziada arudi naye. Mzee mmoja alijaribu kuingiza ndama watatu. "Hao nao wanavuta plau?" shangazi akamuuliza mbele ya watu. "Basi nikuone ukiwafunga nira." Ndama walirudi. Alisimama pale pengoni siku zote zile, fimbo mkononi, amekonda kama ng'ombe wenyewe.

Mvua ilipokuja, ilikuja kama inaomba radhi. Na asubuhi yake, kijiji kizima, plau ziliingia shambani. Nakumbuka sauti: mijeledi, watu wakiwaita ng'ombe kwa majina, kutoka kila upande. Sijasikia muziki wa kuushinda.

Siku ile ile wakaanza kuja wanawake. Yule jirani wa kwenye kinu alikuwa wa kwanza. Alipiga goti, yeye mtu mzima. "Dada, mwadila," akasalimia. "Tunaomba Nyamizi kidogo. Tupande kwetu."

Shangazi alimtazama. "Mnaomba nini?"

Jirani akang'amua alichosema, akashika shavu. Lakini jina lilikuwa limetoka, na hakukuwa na jina lingine la kulifunika.

"Nyamizi," akarudia, taratibu, kwa heshima. Nadhani ni hapo, kwenye mdomo wa yule mama, ndipo neno langu lilipogeuka ubavu wa pili.

Kesho yake mapema shangazi aliniita. "Kabula! Njoo unishikie ungo."

Nilikwenda. Alinipaka samli na majivu mpaka shingoni, naye akajipaka. Tukaenda kwenye uzio. "Unaona," akasema, "mvua imeulaza. Ukiwa mkavu manyoya yanaruka, hata upepo unawashwa. Ukiwa umelowa, umelala. Simama upande upepo unakotoka, kimya." Alikuwa na kijiti alichokipasua katikati, akawa anabana ganda moja moja na kuliweka kwenye ungo wenye majivu mabichi. Ndani ya ganda mbegu zilikuwa nyeusi, zinang'aa, nzuri kama shanga. Sikuwahi kujua kuwa zilikuwa nzuri. Na hapo ndipo nilipojua kuwa kumbe si mate.

"Shangazi."

"Sema."

"Ule wimbo ni wangu."

"Najua. Ungekuwa wa Limi ungekuwa na makosa. Yule hawezi kutunga hata salamu."

Akabana ganda lingine.

"Na yule mzee wa Malampaka..."

"Ana nini?"

"Hakurudi."

Shangazi akacheka, ndiyo mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake ya nyuma. "Yule? Kabla hajaniuliza nimeamkaje, aliniuliza baba yako ana ng'ombe wangapi. Mwache auze chumvi yake."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli au alikuwa ananipaka samli. Nimeligeuza hilo miaka yote hii. Alilisema haraka mno, na baada ya kulisema aliangusha ganda chini, yeye ambaye hakuwahi kuangusha.

"Ule mstari wa mwisho," akasema baada ya muda. "Mwache, atalia mwenyewe. Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Ulikuja tu."

"Mm." Alifuta kijiti kwenye majivu. "Ulikuwa wa kweli. Ndiyo maana sikukuchapa. Ungekuwa wa uongo ningekuchapa mpaka ukayatafuta meno yako yaliyong'oka."

Nikapiga magoti pale pale, kwenye matope, na ungo mkononi. Nililia. Nilisema nisamehe, nisamehe, nitawaambia wote waache.

"Nyamaza, utamwaga mbegu. Wewe umembeba mama yangu. Mimi nilikuwa nalala najiuliza, nani atanibeba? Nilimaliza watu wote kichwani, sikuona. Sasa umenipa huu." Akanyooshea kidole ile minyaa iliyojaa maganda. "Kila mvua nitaota. Nitatukanwa, lakini nitaitwa. Wewe waache waimbe. Inuka, utaumwa magoti kabla ya wakati."

Nilipoolewa, wengine waliniletea kanga na masufuria. Shangazi alinipa fundo la kitambaa lenye mbegu ishirini na kitu, akaniambia, "Usizipande karibu na mlango, mume wako atakurudisha." Wasichana wote wa kijiji chetu waliondoka hivyo, mmoja Maswa, mmoja Mkula, mimi huku. Kila tulipopeleka mbegu tulipeleka na jina, kwa sababu hatukuwa na lingine. Yeye amelala siku nyingi, karibu na ile ngitili. Watu wanaodhani mmea uliota kaburini wamekosea mpangilio tu. Mmea ulitangulia.

Basi siku ile fundi analia, nilimwita jikoni. Alikuja anajikuna, mwanaume mzima mwenye ndevu.

"Usikune, baba."

"Bibi, naomba maji."

"Maji yataukoleza. Kaa hapo." Nikachota majivu, nikamsugua kushuka chini tu. Mkono wangu ulijua wenyewe. Kisha nikamuuliza, "Uzio umekuambia nini?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa malaria. "Bibi, hawa Nyamizi wananiua, wewe unaniuliza uzio?"

"Nyamizi ni mmoja," nikamwambia. "Tulia, nikueleze." Nikamweleza, kama nilivyowaeleza ninyi, nikimpaka samli. Masanja alikuwa mlangoni. Yeye ni mwanangu wa kumzaa na sikuwahi kumweleza. Aibu ni kitu cha ajabu, inazeeka na mtu.

Kesho yake mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri. Fundi alikuja mapema, na kabla hajainua panga nilimsikia anasema chini chini, "Samahani, shangazi." Alidhani niko ndani.

Ukuta umekwisha sasa. Ni mzuri, sikatai, tofali zimepangwa vizuri kama meno ya mtoto mwenye meno. Ila kwenye pembe ya nyuma unaishia hatua nne kabla pande zake hazijakutana, na hapo pamebaki minyaa yangu. Wapita njia wanasema bibi kaishiwa saruji. Wacha waseme.

Jana nilikwenda kuchungulia. Chini ya minyaa, kwenye udongo mbichi, kulikuwa na majani matatu. Nikatazama huku na huku nione kama hakuna mtu, kwa sababu kazi hii kwangu siku hizi si ndogo na inahitaji kushika ukuta. Nikaushika. Nikashuka, goti moja, kisha la pili.

"Mwangaluka, shangazi."